Mtaalamu wa Wahindi wa Temeke

Katika mtaa wetu wa Temeke, mie ndiye niliyekuwa mtaalamu wa Wahindi. Cheo hicho sikupewa na mtu. Nilijipa mwenyewe nikiwa bado nang'oka meno ya utoto, na nikakishikilia kwa miaka mingi, hata pale kila jambo lilipoonyesha wazi kwamba sijui kitu.

Wahindi wenyewe walikuwa familia moja tu. Duka lao lilikuwa kwenye kona, ukitoka tu kwenye kota tulizopangishwa sie. Mbele waliuza chumvi, mafuta ya taa, kaniki na sabuni ya mche. Nyuma kulikuwa na ua wenye sakafu ya saruji, na humo ndimo walimoishi: mwenye duka, mkewe, mama yake mzee, na msichana mwenzangu wa rika langu. Sie tulikuwa watu wa bara. Baba alikuwa karani wa serikali, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi ikakakamaa na soksi zilizovutwa mpaka magotini. Mama alikuja naye kutoka Tukuyu, na Kiswahili alikuwa anakijua kwa namna yake: kila penye "r" aliweka "l", na kila penye "z" aliweka "s", na asiyemwelewa alimwona yeye ndiye mwenye shida.

Mji wakati ule wa mkoloni ulikuwa umegawanywa. Wazungu walikaa upande wa baharini kwenye upepo, Wahindi katikati kwenye majumba ya ghorofa, na Waafrika tukaanzia Kariakoo tukisukumwa kwenda nje. Kila kundi lilikuwa na shule yake, wadi yake hospitalini na behewa lake kwenye treni. Mtoto hakuelezwa mambo hayo. Aliyakuta, kama alivyolikuta jua. Hivyo Wahindi wa pale kwenye kona walikuwa kama watu walioshushwa kituo kisicho chao, na mie niliwaona kuwa ni mali yangu.

Tulijuana na yule msichana kwa ajili ya pembea. Ua wao ulikuwa na pembea kubwa ya mbao iliyoning'inizwa kwa minyororo, na mie nilipotumwa chumvi nilikuwa nachungulia kwenye mlango wa nyuma ya kaunta mpaka shingo inauma. Siku moja akaniona.

"Unataka kupanda?" akaniuliza, kwa Kiswahili cha Temeke kabisa, maana kingine alikuwa hana.

"Sitaki," nikasema, huku nimeshaingia.

Nilipanda. Akanisukuma. Nikamwambia anisukume kama mtu aliyekula, si kama mgonjwa. Akanisukuma kama mtu aliyekula. Nilichokumbuka baadaye ni anga, halafu mnyororo ukinitoka mkononi, halafu mlio wa vitu vikavu vikivunjika chini ya makalio yangu. Nilikuwa nimetua juu ya shuka iliyoanikwa papadi, zile chapati nyembamba za dengu ambazo hukaushwa juani kabla ya kukaangwa. Bibi yake alikuwa amezisukuma asubuhi nzima.

Bibi alitoka jikoni, akanitazama, akatazama shuka. Nikangoja kofi. Badala yake akasema, "Kesho veve nakuja. Natengeneza na mimi."

Kesho yake nikaenda, nikakaa naye sakafuni nikisukuma papadi. Zangu zilitoka na umbo la ramani ya Afrika. Bibi alizitenga pembeni, akasema hizo zitaliwa na mwenye nazo. Tangu hapo nikawa naingia kwa mlango wa uani bila kubisha.

Basi utaalamu wangu ukakua. Shuleni kwetu, shule ya Waafrika, nilikuwa nakusanya wenzangu chini ya dirisha na kuwafundisha Kihindi. Kwa kweli kilikuwa Kigujarati, lakini hilo sikulijua, na nilikuwa na maneno mawili: "kem cho", yaani habari gani, na "majama", yaani nzuri. Yaliyobaki nilijaza kwa kupandisha sauti puani. Wenzangu walinilipa ubuyu. Niliwaeleza pia kwamba Wahindi hawalali chini, hawaogopi pilipili, na kwamba mie wananiheshimu kiasi kwamba wamenitengea kikombe changu mwenyewe.

Hicho kikombe kilikuwa cha bati, cha buluu, kimechubuka mdomoni, na kilitundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni. Nikiwa pale, chai yangu ilimiminwa humo. Hakuna mwingine aliyekigusa. Rafiki yangu mwenyewe hakuwa na kikombe chake; alikunywa kwa vikombe vya udongo vyenye maua, ambavyo kila mtu wa nyumba ile alivitumia ovyo ovyo. Nilimwonea huruma. Nyumbani nilipowasimulia habari ya kikombe, baba aliacha kula, akamtazama mama, kisha akasema polepole, "Unaenda huko kufanya nini? Watumishi si wanao?" Nikadhani anaona wivu.

Rafiki yangu naye alikuja kwetu. Mama alimpikia ndizi kwa maharage, maana nyama yetu alikatazwa, na yeye alikula akachukua na za kwangu. Hakupewa chombo maalumu. Alikula kwenye sinia na sie wote, na mie niliona aibu kwamba nyumba yetu haijui heshima.

Sasa nifike kwenye msiba.

Siku moja niliingia uani nikamkuta rafiki yangu amevaa nguo nyeusi, na bibi yake nyeusi, na mama yake nyeusi. Pembea ilikuwa imefungwa juu kwa kamba. Wanawake wengine wa Kihindi walikuwa wamekuja kutoka mjini, nao wamevaa nyeusi tupu, wameketi juu ya mikeka, mmoja akisoma kitabu kwa sauti ya kuvuta, na wengine wanalia. Hawakulia kwa kujifanya. Machozi yalikuwa yanashuka.

"Kuna nini?" nikamnong'oneza rafiki yangu.

"Tunalia."

"Nani amekufa?"

"Mjukuu wa Mtume. Wamemuua. Na maji walimnyima."

"Wamemuua wapi?"

"Huko mbali." Naye akaanza kulia, na mie nikimwona analia nikalia zaidi yake, maana sikutaka kushindwa. Mwanamke mmoja akanitazama kwa mshangao, kisha akanipa leso.

Mtaalamu mwenye akili angeuliza jambo moja zaidi: lini? Majirani wetu wa pwani wote walijua kwamba ni mwezi wa Muharram, na kwamba Mashia wanamlilia mtu aliyeuawa karne nyingi zilizopita. Mie niliondoka mbio mpaka nyumbani, nikamkuta mama anapeta mchele, nikamwambia kwa pumzi moja, "Mama, dukani wamefiwa! Mjukuu ameuawa! Alinyimwa maji!"

Mama akaweka ungo chini. "Mjukuu wa yule bibi?"

Nikafikiri kidogo. "Mjukuu," nikasema.

Naomba msomaji amjue mama yangu. Kwao msiba si jambo la kupelekwa pole mlangoni na kurudi kwenye shughuli zako. Kwao mfiwa hulia mbele ya watu, na watu hulia naye, na kilio huvuka bonde kikasikika kilima cha pili. Tangu aje pwani alikuwa analalamika kwamba watu wa huku wanazika kimyakimya kama wezi. Akafunga kanga kiunoni, akamkamata kuku jike aliyekuwa anataga, akamfunga miguu. Akachukua mkungu wa ndizi mbichi akauweka kichwani. Akapita kwa wanawake wengine wawili wa kwao waliokaa kota za nyuma, nao wakajifunga viuno. Mie nikatangulia mbele kuonyesha njia, njia ambayo kila mmoja wao aliipita kila siku kwenda kununua chumvi.

Tulipofika kwenye kona, mama akapiga ukelele.

Sina namna ya kuueleza. Mwenye duka alikuwa anapima sukari, na kipimo kilimponyoka. Wateja walisogea ukutani. Mama na wenzake wakapita kaunta, wakapita mlango, wakaingia uani wakiomboleza kwa lugha yao, mikono kichwani, mama akimwita marehemu mwanangu, mwanangu, umetuachia nani. Msomaji wa kitabu akanyamaza. Wanawake wote wa Kihindi wakageuka. Mama akautua mkungu, akamtua kuku, akaenda moja kwa moja mpaka kwa bibi, akajitupa chini mbele yake, akamshika miguu.

"Pole, mama yangu," akasema akilia. "Pole sana. Wamemnyima maji, mtoto wa watu! Mtu gani anamnyima mtoto maji?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikaona jinsi wanawake walivyokuwa wanatazamana, na nikaona kuku anavyojipigapiga katikati ya mikeka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikapata wazo kwamba huenda sijaelewa jambo. Rafiki yangu alinisogelea. "Umemwambia nini mama yako?" akaninong'oneza. "Huyu alikufa zamani!"

"Zamani lini? Juzi?"

"Zamani zamani! Kabla ya bibi! Kabla ya bibi wa bibi!"

Nilitaka ardhi ya Temeke ipasuke. Lakini bibi hakucheka, wala hakumsukuma mama.  Halafu uso wake ukakunjamana, akamwinamia mama, akamkumbatia shingo, akaanza kulia kwa sauti ambayo hata wale wageni kutoka mjini hawakuwa wamelia. Wakalia wote wawili wakiyumba. Mmoja alikuwa akisema maneno yake, na mwingine yake, na hakuna aliyejua mwenzake anasema nini. Kisha mmoja wa wale wanawake wenye nguo nyeusi akasogea mkekani, akawapa nafasi wale wanawake waliokuja na mama, na yule msomaji akakifungua kitabu tena.

Baadaye chai ikaletwa. Mama akapewa kikombe cha udongo chenye maua, na wenzake vilevile, kwa mkono wa bibi mwenyewe. Nami nikapewa cha maua. Nikatazama msumarini. Kikombe changu hakikuwapo.

"Bibi," nikasema mbele ya wageni wote, "kikombe changu kiko wapi?"

 Mama wa rafiki yangu aliinama akaanza kupanga visahani ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nikalia tena, kilio cha pili siku hiyo, na hiki kilikuwa cha kweli. Rafiki yangu alinivuta kando akaniambia ninyamaze, kikombe kimetoboka, kimetupwa. Miaka mingi ilipita kabla sijaamka siku moja, nikiwa napiga mswaki, nikaelewa kwa nini kikombe kile kilitundikwa nje, mbali na vile vya maua. Niliketi ukingoni mwa karo nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Jioni ile baba aliporudi kazini, habari ilikuwa imeshamfikia njiani. Alimkuta mama macho mekundu.

"Mama watoto, umelia nini leo dukani?"

"Nimelia msiba."

"Wa nani?"

"Wa mjukuu wa Mtume wao."

"Unajua alikufa lini?"

"Nimeambiwa samani," mama akasema.

"Zamani! Miaka zaidi ya elfu! Mtaa mzima unatucheka. Na sie ni Wakristo!"

Mama akatia kuni jikoni. "Kama mpaka leo wanamlilia," akasema, "basi alikuwa mtu mwema. Na wewe siku ya Ijumaa Kuu unamlilia nani? Aliyekufa jusi?"

Baba akavua soksi zake. 

Mwaka uliofuata, mwezi ule ulipokaribia, mwenye duka mwenyewe alikuja mpaka kota kumwalika mama, kwa adabu, kofia mkononi. Mama akaenda. Akaenda na mwaka mwingine, na mwingine. Wanawake kutoka mjini walikuwa wakiuliza yule mama wa bara amefika? Na aliposhindwa kwa sababu ya uzazi, bibi alikuja mwenyewe, akaletewa kiti akaketi uani kwetu akimpakata mtoto mchanga, akilalamika kwamba mwaka huu watu wamelia vibaya.

Rafiki yangu alipokuwa mkubwa, tulitenganishwa. Haikuwa kwa ugomvi. Bibi alisema msichana aliyevunja ungo hawezi kupanda basi kila siku kwenda shule yao ya Kihindi mjini, hivyo akapelekwa kukaa kwa baba yake mdogo, kwenye ghorofa, Uhindini. Likizo ya kwanza nikaamua kumtembelea. Nilivaa gauni la Krismasi na viatu vilivyokuwa vya Krismasi ya kabla yake, na nikapaka poda mpaka shingoni. Ndani ya basi nilikuwa najikumbusha: kem cho, majama. Niliona kwamba leo ndipo utaalamu wangu utaonekana.

Nilikuta mlango wa chini uko wazi na mwanamke wa Kihindi anashuka ngazi mbiombio, mtoto mchanga mkononi. Aliponiona akaachia pumzi kama mtu aliyeokolewa, akaanza kuniambia mambo mengi kwa Kigujarati.

"Majama," nikamjibu, kwa tabasamu.

Akasema mengine, akionyesha juu, akionyesha mtoto.

"Majama," nikasema tena.

Akaniweka mtoto mkononi, akatoka nje, akapanda gari lililokuwa linamngoja. Nikabaki mlangoni na poda yangu na mtoto wa watu.

Rafiki yangu alinikuta hivyo aliposhuka. Alianza kucheka, nami nikacheka, kisha akaacha ghafla.

"Amekudhani yaya," akasema. "Yule ni jirani wa juu, na yaya wao mpya anaanza leo."

"Ndiyo, nimeona," nikasema, ingawa ndiyo kwanza nilikuwa naona.

"Ulimwambia nini?"

"Majama."

"Kila alichosema?"

"Kila alichosema."

Alitaka kucheka tena lakini macho yake yalikuwa mekundu. Akamchukua mtoto, na papo hapo yule mtoto, ambaye mikononi mwangu alikuwa ametulia, akapiga kelele mpaka tukamrudisha kwangu. Akanikojolea gauni la Krismasi. Na kabla hatujajifuta akaingia mama mmoja wa Kizaramo, mtu mzima, kibunda cha nguo kwapani. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto.

"Kumbe ndiyo wewe!" akasema. "Mshahara tumeshapatana, kazi nimeshapewa, unakuja kunipokonya na mapoda usoni!"

"Shikamoo mama," nikasema. "Mie ni mgeni tu."

"Mgeni ndiyo anapakata?"

Ilituchukua muda kumtuliza na kumkabidhi mtoto. Hatukupanda juu. Mke wa baba yake mdogo ana wageni, rafiki yangu akasema, bila kunitazama. Tukakaa ngazini, viatu nimevivua, tukala bisi alizozileta ndani ya gazeti. Aliniuliza habari za mama, nikamwuliza habari za shule. Aliniambia kwamba shuleni wenzake wanamcheka kwa sababu Kigujarati chake kina lafudhi ya Temeke. Watu waliokuwa wanapanda na kushuka walitupita, wakamtazama yeye, wakanitazama mie. Kila mara alisogea akanikaribia zaidi, mpaka mwisho bega lake likanibana ukutani na nikashindwa kula.

Akanisindikiza mpaka kituo cha basi, jambo alilokatazwa.

Baadaye kidogo alichumbiwa, akaolewa Tanga, na dukani pale kwenye kona akaingia mpangaji mwingine, bibi alipokwisha kufariki. Mama alimlilia bibi kwa namna yake mwenyewe, na siku ile hakuna aliyemcheka.

Mie nikawa mwalimu. Siku moja sokoni Kariakoo, katikati ya vichanja vya samaki, nikamwona mwanamke wa Kihindi mwenye shingo ileile, mwendo uleule, kikapu kwapani.  Nikasukuma watu, nikapaza sauti, "Kem cho!" nikamkumbatia kwa nguvu, samaki nilioshika wakampaka shombo begani. Nikamwambia mama hajambo, anamsalimu. Nikamwuliza Tanga kukoje, mumewe hajambo, watoto wangapi. Akanijibu yote, kwa upole: hawajambo, watoto wawili, Tanga hajawahi kufika. Hapo nikamtazama vizuri. Hakuwa yeye. Hata kufanana naye, hakufanana sana.

Wauza samaki walikuwa wameshaanza kucheka. Yule mwanamke alitoa leso akajifuta bega, akasema hapana neno, dada, akaniuliza na mie kama nina watoto. Nikamwambia bado. Akasema Mungu atanijalia. Tukasimama pale kidogo, tukiulizana bei ya kibua, kisha kila mmoja akashika njia yake.